Nyumba Hazina Magurudumu

Niko Lamu kwa likizo, lakini simu yangu bado iko Minnesota, Marekani, ninakoishi. Kundi la WhatsApp la majirani zetu wa kule, kitongoji kidogo kando ya Minneapolis, linawaka moto kwa ajili ya jengo ambalo hata msingi wake haujachimbwa. Kampuni moja imeomba kibali cha kujenga fleti za bei nafuu, ghorofa nne, kwenye kiwanja cha duka la mazulia lililofungwa. Majirani wanasema hawazipingi nyumba, wanayahofia magari. Watoto watagongwa, wanasema. Madiwani watapiga kura mimi nikiwa bado huku.

Juzi baada ya alasiri tulikuwa tumekaa uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome, na ami yangu na wazee wenzake. Ami akataka kujua kilichoninunisha kwenye simu. Nikamweleza. Yeye alikuwa nahodha wa mashua maisha yake yote, hajamiliki hata baiskeli. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hizo nyumba zina magurudumu?"

Baraza zima likaangua kicheko. Mimi nilicheka nusu, maana barabara inayosemwa naijua. Ina njia nne, imenyooka kama mstari wa rula, na gari likishapita taa za mwisho dereva hukanyaga mafuta kama anayekimbizwa. Shule iko ng'ambo. Binti yangu anavuka pale. Anayesema anaogopa barabara ile, simwiti mwongo.

Lakini swali la ami halikuwa la mzaha tu. Tazama tulipokaa. Mji mkongwe huu, ule ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, watu wameishi humu ukuta kwa ukuta kwa karne nyingi, ghorofa juu ya ghorofa, na vichochoro vyake punda wawili wenye mizigo wakikutana lazima mmoja asubiri. Mtu akiumia humu basi amekanyagwa na punda au ameteleza kwenye ngazi. Kubanana hakujawahi kuua mtu hapa. Kinachoua ni mwendo. Shirika la usalama barabarani la Marekani, AAA Foundation, lilichapisha hesabu hizo mwaka 2011: mtu wa miguu akigongwa na gari linalokwenda kilomita 37 kwa saa, uwezekano wa kufa ni kama asilimia 10, likiwa kwenye kilomita 68, ni asilimia 50. Barabara yetu iko karibu na hiyo ya pili, na imekuwa hivyo tangu kabla mtu yeyote hajafikiria fleti.

Mzee mwingine hakuridhika. "Usimsikilize ami yako," akasema. "Nenda mtaa wetu wa Kashmir, nenda Wiyoni, ukaone pikipiki. Watu wakizidi, vyombo vinazidi. Hao jirani zako wana haki." Na kweli, nje ya mji mkongwe bodaboda zimefanya mama wengi wawe na roho mkononi.

Nikamjibu kwa ninachokijua. Wahandisi wa Marekani wana kitabu chao cha kukadiria safari za magari kwa kila aina ya jengo. Nyumba ya familia moja, ile yenye bustani na gereji kama za majirani wanaolalamika, huhesabiwa safari kama 9 kwa siku. Fleti moja huhesabiwa pungufu ya hapo. Kwa hiyo ndiyo, jengo litaongeza magari, sitamdanganya mtu. Ila kiwanja kilekile kikijengwa mkahawa wa kuuzia chakula dirishani, wateja wakiwa ndani ya magari, foleni inaweza kuzidi hiyo mara kadhaa, na naapa kundi letu lingekuwa linaulizana menyu.

Hapo ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi na majirani zangu. Kwa sheria ya kule, baraza la mji haliwezi kukataa ombi la kibali kwa sababu tu watu wamepiga kelele. Linahitaji sababu inayosimama mbele ya jaji. Huwezi kusimama ukasema hutaki wapangaji wa kipato cha chini. Ukisema magari, umepata mlango. Tena hakuna nafasi ya kuvutana milele. Minnesota ina sheria inayoipa serikali ya mji siku 60 kujibu ombi la aina hii, inaweza kujiongezea 60 nyingine kwa barua, na ikikaa kimya basi ombi limekubaliwa lenyewe. (Wazee waliipenda sana hiyo. Mmoja alitaka ipelekwe ofisi ya ardhi kesho asubuhi.)

Nani anaogopa gari kweli na nani anaogopa jirani mpya? Mimi natumia kipimo kimoja: mpe dawa ya barabara, umwangalie uso. Niliandika kwenye kundi kwamba basi tuombe njia nne ziwe mbili, kivuko kiinuliwe kama tuta, na kona za njia ya miguu zisogezwe ndani ya barabara ili mtoto asitembee mbali akivuka. Wengine waliafiki palepale, hao nimewaamini. Mmoja, ambaye alikuwa ameandika juu ya watoto kuliko sote, alijibu kwamba tuta litamharibia gari.

Na jambo hili si geni kule. Minneapolis yenyewe madiwani walipitisha mpango wao wa mji Desemba 2018, kura 12 kwa 1, wakaondoa mitaa iliyokuwa hairuhusu chochote isipokuwa nyumba ya familia moja. Mwaka 2020 wakashusha mwendo kwenye mitaa ya makazi hadi maili 20 kwa saa (kama kilomita 32), na mwaka 2021 wakaacha kuwalazimisha wajenzi kutenga maegesho. Nyumba na barabara zilikwenda pamoja. Kitongoji chetu kina ugumu wake: barabara ile ni mali ya kaunti, madiwani wetu hawawezi kuchora hata mstari juu yake bila kaunti kukubali. Hilo ndilo lingestahili kelele, na hakuna anayelipigia.

Kuna wasioonekana pia. Kikao cha madiwani huanza saa moja jioni, kila mtu dakika tatu. Mwenye nyumba yake atakuja. Atakayekaa kwenye fleti zile bado hajulikani ni nani, na pengine saa hiyo yuko kazini. Watu wetu wa Afrika Mashariki kule wengi wanahudumia wazee usiku au wanafunga vifurushi kwenye maghala. Fleti za namna hii hujengwa kwa nafuu ya kodi ya serikali kuu iliyoanzishwa mwaka 1986, na kwa kawaida huwalenga watu wenye kipato kisichozidi asilimia 60 ya kile cha kati cha eneo lile. Hao si watu wa kuokota barabarani. Ni dereva wa basi la shule linalombeba huyo mtoto tunayemhofia.

Ami akanikatiza. Binti yake ni mwalimu, kila mwezi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa nyumba za bei nafuu za Kenya, tangu sheria ile ya Machi 2024. "Na zetu," akauliza, "kuna anayeuliza watu watafikaje mlangoni?" Sikuwa na la kumjibu, nikamwagizia kahawa.

Barua yangu nimeshaituma kwa karani wa mji: toeni kibali, na kabla funguo hazijagawiwa, pelekeni kaunti ombi rasmi la kivuko na la kupunguza njia. Nimeweka jina langu na anwani ya nyumba yangu. Kikao kinaonyeshwa mtandaoni, Jumanne, ambapo huku itakuwa saa tisa usiku wa kuamkia Jumatano. Ami anasema yeye saa hizo huwa macho kwa tahajudi, nimfungulie simu amwone huyo wa tuta.