Afisa wa mikopo asiwe muhuri wa mashine

Ukiiuliza taasisi yoyote ya mikopo kama programu ndiyo inayoamua nani akopeshwe, jibu huwa lilelile: hapana, kuna afisa anayehakiki. Jibu hilo linahitaji kuchunguzwa, kwa sababu haki ya mwombaji imefichwa humo.

Nchini Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi wenye athari kubwa kwake uliotolewa na mashine peke yake. Zipo hali ambazo sheria inaruhusu uamuzi wa aina hiyo, lakini hata hapo taasisi inapaswa kumjulisha mhusika kwa maandishi, naye anaweza kudai uamuzi ufikiriwe upya au utolewe mwingine usiotegemea mashine pekee. Sasa chukua afisa mmoja aliyepewa maombi 240 yaliyokataliwa ayapitie kwa siku ya saa nane. Kila ombi linapata dakika mbili, tena bila mapumziko. Huyo hahakiki chochote, anabofya tu. Mashine bado ndiyo inayoamua, ila jina lililo kwenye faili ni la mtu.

Uholanzi walilijua hili kwa machungu. Mamlaka ya kodi ilitumia mfumo wa kupima hatari ya udanganyifu katika ruzuku ya malezi ya watoto, na kutokuwa raia wa Uholanzi kulikuwa miongoni mwa vigezo vyake. Faili zilizopata alama ya juu zilipelekwa kwa mtumishi azikague, lakini hakuambiwa kwa nini mfumo ulizitilia shaka. Angepinga nini? Maelfu ya wazazi waliandamwa kwa madeni wasiyostahili, na Januari 2021 serikali ikajiuzulu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni sababu. "Alama 412", namba ambayo mfumo humpa mwombaji, si sababu. "Marejesho matatu ya mwisho yalichelewa" ni sababu, maana mwombaji anaweza kuleta risiti na kuipinga. Afisa naye aone data yenyewe iliyosomwa, kwani makosa mengi yako huko. Mkulima wa chai hupata bonasi yake kubwa mara moja kwa mwaka, karibu na Oktoba. Mfumo unaosoma miezi mitatu ya M-Pesa mwezi wa Agosti utamwona fukara. Mke anayetumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mumewe haonekani kabisa. Mfumo hauna namna ya kujua haya. Afisa wa tawi anayajua, mradi apewe muda na idhini ya kubatilisha bila kuandikiwa barua ya kujieleza.

Idhini hiyo ipimwe. Hesabu kila mwezi ni mara ngapi afisa ametofautiana na mfumo. Ikiwa ni sifuri miezi yote, usifurahie usahihi wa mfumo kabla hujachomeka katika foleni yake faili chache za majaribio ambazo alama zake zimeharibiwa kwa makusudi. Asipozikamata, uhakiki wako ni wa karatasi. Njia nyingine, ambayo naipenda zaidi, ni kumpa sehemu ya faili bila alama, aandike uamuzi wake kwanza, kisha ndipo aone mashine ilisema nini. Akishaiona alama mapema, macho yake huielekea.

Pima pia makundi. Wanawake 30 kati ya 100 wakikubaliwa na wanaume 50 kati ya 100, uwiano ni 0.6. Mwongozo wa ajira wa Marekani wa mwaka 1978 huanza kutilia shaka chini ya 0.8. Sheria ya Kenya haina kipimo hicho, lakini kinafaa kama kengele. Kumbuka tu kwamba aliyenyimwa mkopo hapati nafasi ya kuonyesha kwamba angelipa, hivyo data ya mwaka ujao itarudia upofu wa mwaka huu. Ukikopesha kiasi kidogo kwa baadhi ya waliokosa alama ya kukubaliwa kwa pointi chache tu, utajua ukweli.

Mengi ya haya huamuliwa siku ya kusaini mkataba na muuzaji wa mfumo. Dai rekodi ya kila uamuzi: tarehe, toleo la mfumo, data iliyosomwa, alama ya chini ya kukubaliwa, sababu, na aliyeidhinisha. Dai taarifa kabla toleo halijabadilishwa, kwa sababu alama 600 ya toleo jipya huenda si 600 ya zamani. Tathmini ya athari kwa ulinzi wa data, yaani ripoti ya madhara ambayo matumizi ya data yenye hatari kubwa yanaweza kuwaletea watu, inapaswa kumfikia Kamishna wa Data wa Kenya siku 60 kabla ya kuanza, basi isiachwe hadi wiki ya uzinduzi.

Mwishowe, taja kwa cheo nani anaweza kuuzima mfumo bila kusubiri kikao cha bodi. Ukizimwa kwa kosa, maombi yote yaliyokataliwa tangu toleo hilo lilipoanza yarudishwe mezani yasomwe upya, na kila mwombaji aandikiwe.