Difu ya Nyuma Haibadilishwi Peke Yake

Wenzo wa transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, uligoma kutoka. Nilikuwa nimevuka kipande cha tope, nikafika penye ardhi ngumu na kavu, na kama ilivyo desturi nikataka kurudisha gari kwenye mwendo wa magurudumu mawili. Wenzo haukutikisika. Usukani ulikuwa mzito, tairi zililia kila nilipojaribu kusogea, na gari lilijikokota kana kwamba breki ya mkono ilikuwa imesahauliwa. Mwishowe niliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, na mara lilipoachana na ardhi likajizungusha lenyewe kwa kishindo, kama robo ya mzunguko, bila mtu kuligusa. Baada ya hapo wenzo ulitoka kwa vidole viwili.

Gurudumu lile lilinieleza kila kitu. Wiki mbili kabla nilikuwa nimefunga difu ya nyuma iliyotumika (difu ni gia za katikati ya ekseli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu), kwa sababu ile ya awali beringi ya pinioni, gia ndogo inayozungusha gia kubwa iitwayo krauni, ilikuwa imekwisha na meno mawili yamemeguka. Muuzaji alinihakikishia kwamba imetoka kwenye gari la aina ileile, na hakusema uongo. Land Cruiser za mfululizo wa 60, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1980 hadi 1990, zilitoka kiwandani zikiwa na uwiano wa gia (mizunguko ya pinioni kwa kila mzunguko mmoja wa krauni) tofauti tofauti, ukiwemo 3.70 na 4.11, na kwa nje huwezi kuzitambua. Krauni yenye meno 37 inayozungushwa na pinioni yenye meno 9 inakupa 4.11, krauni ya meno hayohayo 37 ikizungushwa na pinioni yenye meno 10 inakupa 3.70. Tofauti ni jino moja la pinioni, na mimi sikuyahesabu.

Gari langu halina difu ya katikati. Ukiingiza magurudumu manne, propela ya mbele na ya nyuma, yaani shafti ndefu zinazotoka transfa kwenda kwenye difu, hufungamana ndani ya transfa na kuzunguka kwa kasi moja, kwa hiyo kitu pekee kinachoyafanya magurudumu ya mbele na ya nyuma yaende sawa ni kwamba difu zote mbili zina uwiano mmoja. Mbele kulikuwa na 4.11, nyuma kukawa na 3.70. Maana yake ni kwamba kila magurudumu ya mbele yalipotaka kwenda mita 100, ya nyuma yalitaka kwenda mita 111. Kwenye tope tairi huteleza na ziada hiyo ikapata pa kutokea. Kwenye ardhi kavu haina pa kwenda, inajisokota ndani ya propela, shafti na gia za transfa mpaka kitu kilegee au kivunjike. Namshukuru Mungu kwamba kwangu kililegea.

Dalili zilikuwapo tangu siku ya kwanza. Kwenye lami mzunguko wa injini ulikuwa umeshuka, na spidomita, ambayo waya wake huchukua mwendo kutoka kwenye transfa, ilikuwa ikisoma pungufu kwa asilimia 10 hivi kuliko ilivyokuwa awali. Mimi nilifurahi, nikidhani ni wepesi wa beringi nzuri. Ndiyo maana leo nasisitiza jambo hili kwa yeyote anayenunua difu iliyotumika: ihesabu kwa macho yako kabla ya kuifunga. Ikiwa iko chini mezani, hesabu meno ya krauni, hesabu ya pinioni, kisha gawanya. Ikiwa tayari iko ndani ya gari, weka gia huru, zuia magurudumu ya mbele kwa vigingi, inua gurudumu moja tu la nyuma, piga mstari wa chaki kwenye propela na mwingine kwenye tairi, kisha zungusha tairi mizunguko miwili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Tunazungusha mara mbili kwa sababu gurudumu la upande wa pili limesimama, na difu ya kawaida hugawa mwendo nusu kwa nusu. Propela ikizunguka mara nne na kitu kidogo, una 4.11, ikizunguka mara tatu na zaidi kidogo ya theluthi mbili, una 3.70. Ni kazi ya dakika tano.

Nilikuwa na njia mbili: kutafuta difu nyingine ya 4.11 na kuishia hapo, au kutumia fursa hiyo kurekebisha jambo ambalo lilinisumbua kwa muda mrefu. Gari hili lilitoka na tairi za 235/75R15, ambazo kipenyo chake ni kama milimita 733, nami niliziondoa zamani nikaweka za inchi 33, yaani milimita 838. Tairi kubwa hulinyima gari nguvu, kwa kuwa kila mzunguko wa shafti unalisukuma mbali zaidi. Hesabu ya kurudisha hali ya awali ni nyepesi: 4.11 mara 838, gawanya kwa 733, unapata takriban 4.70. Gia zinazopatikana zinazokaribia hapo ni 4.56 na 4.88. Wengi wangechagua 4.56 kwa ajili ya safari ndefu za lami, na siwalaumu. Mimi nilichagua 4.88, kwa sababu gari hubeba mizigo na hupanda milima zaidi ya linavyokimbia, na kwa mwendo uleule injini inazunguka asilimia 4 tu zaidi ya ilivyokusudiwa kiwandani. Gharama yake ni kwamba pinioni ya 4.88 ina meno 8 na umbo lake ni dogo kuliko la 4.11, kwa hiyo uimara wake umepungua kiasi. Na bila shaka, ukibadilisha nyuma lazima ubadilishe na mbele. Kazi ni mara mbili.

Kuitoa difu ya nyuma si kugumu. Gari likae juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki. Mwaga oili, fungua kifuniko cha nyuma, toa pini inayoshika gia ndogo za ndani, sukuma hafu-shafti (shafti ya kila gurudumu) kuelekea katikati ili uchomoe zile klipu zenye umbo la herufi C, kisha vuta shafti nje na ufungue propela. Difu hutokea upande wa mbele wa ekseli na ni nzito, muwe wawili.

Kazi yenyewe inaanzia mezani. Kufunga krauni mpya kwa bolti zilizosafishwa na kutiwa gundi, na kuzikaza kwa spana ya kupimia nguvu kwa mpangilio wa kuvuka upande mmoja hadi mwingine, ni jambo ambalo fundi yeyote makini analiweza. Ugumu ni kuzikutanisha krauni na pinioni mahali pake hasa. Kuna vipimo vitatu vinavyotegemeana: kina cha pinioni, mchezo kati ya meno, na mkazo wa beringi. Kina hupangwa kwa shimu, pete nyembamba ya chuma inayokaa kati ya kichwa cha pinioni na beringi yake ya ndani; shimu nene huisogeza pinioni karibu na kitovu cha krauni, nyembamba huirudisha nyuma. Nilianza na shimu ya zamani, kwa kuwa ndiyo mwanzo wa busara, lakini gia mpya haina wajibu wa kulingana na ile iliyotoka.

Mchezo niliupima kwa geji ya saa iliyoshikwa kwa sumaku, sindano yake ikigusa jino la krauni kwa mraba, pinioni ikiwa imezuiwa isisogee. Unaitikisa krauni mbele na nyuma, unasoma. Kipimo kinachotakiwa ni kati ya milimita 0.15 na 0.20, na lazima kipimwe sehemu nne au zaidi, kwa sababu krauni iliyokaa juu ya kipande kidogo cha uchafu itakupa namba nzuri upande mmoja na mbaya upande wa pili. Kwenye difu hii marekebisho hufanywa kwa nati mbili kubwa zenye mapengo ukingoni, moja kila upande wa beringi za pembeni: ukilegeza moja kwa pengo moja, kaza nyingine kwa pengo moja, ili krauni isogee bila mkazo wa beringi kubadilika. Mimi nilipata 0.17, 0.18, 0.17 na 0.19.

Kisha ikaja rangi. Nilipaka rangi nzito ya njano kwenye meno kadhaa ya krauni, nikaikandamiza krauni kwa kipande cha mbao ili iwe na uzito wa kusukuma, nikazungusha pinioni kwenda na kurudi. Alama iliyobaki ndiyo ushahidi. Mara ya kwanza mgusano ulikuwa juu kabisa, karibu na ukingo wa jino, pande zote mbili, ile ya kuvuta na ile ya kuachia. Hiyo ina maana pinioni iko mbali. Nikaongeza shimu kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, nikapanga mchezo upya, nikapaka tena: sasa alama ikashuka, lakini ikapita kiasi na kuzama kwenye shina la jino. Pinioni imeingia mno. Mara ya tatu, kwa shimu ya katikati, alama ilikaa katikati ya urefu na kimo cha jino kama yai lililolazwa. Nilikaa nikiitazama kwa muda.

Kwa kazi hii ya kurudia rudia, usitumie beringi mpya. Chukua ile ya zamani, panua tundu lake kwa msasa mpaka iingie na kutoka kwa mkono, nayo itakuepusha na kung'oa beringi mpya kwa nguvu kila unapobadilisha shimu. Beringi mpya huingia mwisho, na hapo ndipo unapokaza nati ya pinioni hatua kwa hatua huku ukipima mkazo. Kama difu yako ina bomba la kubonyea kati ya beringi mbili, uwe mwangalifu sana, kwa maana ukipitiliza huwezi kulegeza nati ukadhani umesahihisha. Bomba limekwisha kubonyea na lazima uweke jipya.

Mbele nilifuata utaratibu huohuo, ila kuifikia difu kulichukua muda zaidi kuliko kuipanga, kwa sababu shafti za mbele zinapita ndani ya tufe za chuma zilizojaa grisi. Upande wa kulia nilikuta oili ya difu imevuja kupita sili ya ndani na kuchanganyika na grisi hadi ikawa uji mweusi. Ukifika huko, badilisha sili zote hata kama zinaonekana nzima.

Nilijaza oili ya gia ya 80W-90 yenye alama ya GL-5, kwa kuwa meno ya gia hizi huteleza yakisagana pamoja na kuviringika, na oili hafifu haiwezi kuzuia chuma kisiguse chuma. Safari ya kwanza ilikuwa kilomita 30 kwa mwendo wa taratibu, kisha nikaliacha gari lipoe kabisa. Kwa kilomita 800 zilizofuata sikuvuta kitu wala kupakia mzigo, na nilisikiliza: mlio unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta hutoka kwenye meno, mngurumo usiobadilika hutoka kwenye beringi. Sikusikia wowote.

Baada ya kilomita hizo nilimwaga oili zote mbili. Kwenye sumaku ya kizibo cha nyuma kulikuwa na tope laini la kijivu, laini kiasi kwamba vidole havikuhisi chembe, na cha mbele kilikuwa hivyohivyo. Nikajaza oili mpya, nikaenda kwenye kipande kilekile cha tope, nikaingiza magurudumu manne, nikavuka. Nilipofika kwenye ardhi kavu nilisimama, nikashika wenzo, nao ukarudi mahali pake.