Kabla ya kumnyoosha kijana, pima kifundo cha mguu

Kijana akichuchumaa visigino vikanyanyuka, makocha wengi humwambia anyooshe mapaja. Mara nyingi shida iko chini zaidi. Kifundo kikiwa kigumu, goti halipati nafasi ya kwenda mbele anapotua kutoka juu, basi linakimbilia ndani. Hapo ndipo magoti yanapoumia.

Kukipima ni rahisi. Avue viatu, aelekee ukuta, kidole gumba cha mguu kiwe sentimita 10 kutoka ukutani, kisha akunje goti mpaka liguse ukuta. Likigusa, mrudishe nyuma sentimita moja moja hadi lishindwe. Wengi huharibu kipimo kwa kutazama goti peke yake. Weka karatasi chini ya kisigino uivute polepole: ikitoka, kisigino kimenyanyuka, rudia. Goti nalo lifuate kidole cha pili. Mtoto mfupi anaweza asifike 10 na asiwe na tatizo lolote. Tofauti ya zaidi ya sentimita 2 kati ya mguu na mguu ndiyo ya kutiliwa maanani.

Rudia kila mwezi katika umri wa kurefuka haraka, wasichana karibu na miaka 12, wavulana 14. Mfupa hurefuka kwanza, misuli hufuata, na kijana aliyekuwa mwepesi huwa mgumu ghafla. Tafadhali msimwite mvivu, wala msimvute kwa nguvu. Akiumia ukibonyeza kisigino au chini kidogo ya kilegesambwa (kifupa cha mbele ya goti), huenda kano, yaani kamba inayounganisha msuli na mfupa, inavuta gegedu (mfupa laini) ambalo bado halijakomaa. Punguza kuruka na mbio kwanza.

Kabla ya mazoezi, abembeze kila mguu mara 10 mbele na nyuma, kisha achuchumae na kuruka kidogo kidogo. Kushikilia msuli mmoja kwa zaidi ya sekunde 60 papo hapo kabla ya kuruka hupunguza nguvu. Hilo lifanyike baadaye: sekunde 30, mara 2 hadi 4 kila upande. Kushusha kisigino polepole kwenye ukingo wa ngazi, seti 3 za mara 8, huongeza unyumbufu na nguvu kwa pamoja.

Na yule ambaye viwiko na magoti yake hupinda kinyumenyume, kidole gumba kikagusa upande wa ndani wa mkono, karibu na kifundo cha mkono? Asinyooshwe. Viungo vyake tayari vimelegea. Mpe kusimama kwa mguu mmoja na kuchuchumaa polepole.