Picha za wapendwa ukutani, bila matundu ya kubahatisha

Usianze na nyundo. Kata karatasi zenye ukubwa wa kila fremu, zibandike ukutani kwa tepu ya karatasi, kisha zihamishehamishe mpaka macho yaridhike. Katikati ya kundi zima pawe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Kati ya fremu acha sentimita 5. Wengi hukosea kwenye uzi wa kutundikia ulio nyuma ya fremu: ukibeba uzito, hunyanyuka katikati. Uvute juu kwa kidole kwanza, ndipo upime kutoka hapo hadi ukingo wa juu wa fremu, ujue pa kuweka skrubu. Fremu pana ipe skrubu mbili, la sivyo hukaa upande kila mlango unapobamizwa. Na tafadhali, picha ya bibi isipigwe na jua. Hufifia, na mara nyingi haina nakala.