Bidoni Iliyobaki Sake

Alfajiri ya Alhamisi, 27 Mei 2021, redio ilisoma amri ya gavana wa kijeshi: mitaa 10 ya Goma, mashariki mwa Kongo, ihame, magma imeonekana chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Jumamosi iliyotangulia mlima wa volkano wa Nyiragongo ulikuwa umetapika moto hadi Buhene, ukingoni mwa mji. Tangu usiku ule ardhi haikutulia. Tulilala nje, tukizisikia kuta zikipasuka.

Hadi Sake, mji mdogo tulikokimbilia, ni kama kilomita 25. Tulitembea kutwa. Mama yangu aliketi juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, pamoja na godoro na bidoni mbili za maji, mimi nikisukuma. Barakoa yangu ilikuwa nyeusi kwa vumbi. Mwaka mzima tulikuwa tumeambiwa tusikaribiane, mgeni asipewe mkono. Sasa wageni ni sisi, maelfu kwa maelfu, bega kwa bega.

Shule na makanisa ya Sake yalikuwa yamejaa. Mbele ya nyumba moja ya mbao alisimama mama mwenye beseni na kipande cha sabuni. "Karibuni. Mnawe kwanza, hata mtoto." Alituchotea kikombe kimoja kimoja. Sake maji ni ya shida, na kipindupindu wanakijua tangu zamani, kabla ya korona.

Kisha mama yangu akakohoa. Alikuwa akikohoa tangu Jumamosi, tangu moshi ule. Watu wote uani wakanyamaza, nami nikashika tena mpini wa chukudu, tayari kuondoka kabla hatujafukuzwa.

Mwenye nyumba akamtazama kwa muda. "Mama huyu atalala chumbani kwangu, dirisha likiwa wazi. Mimi nitalala na watoto."

Usiku ule tulikuwa watu 19 katika vyumba viwili. Kulipokucha wakaja vijana wa Shasha, kijiji cha mbele kando ya ziwa, na chukudu zao tupu. "Tupeni familia kumi, nyumba tumeshazihesabu." Hakuna aliyewatuma. Wazee wa pande zote mbili walisimama barabarani wakigawana watu: wenye watoto wachanga wabaki Sake karibu na kituo cha afya, wenye nguvu waende mbele. Sisi tuliachwa tubaki Sake kwa sababu ya kikohozi.

Tulirudi Goma mwezi Juni. Nilipokuwa nikifunga godoro, mama alinikataza kupakia bidoni ya pili.

"Hiyo ni ya hapa," alisema.