Namba 6 Agoma

Programu ile ya kupima muda iliundwa kwa mbio za kuteleza kwenye theluji. Mgeni mmoja wa Austria, aliyezoea kujitolea kwenye mbio za watoto huko kwao milimani, aliniachia kwenye kompyuta, na tulipoandaa mbio za punda Lamu nikaona itatufaa. Njia ya ukingoni ni nyembamba. Punda 14 huwezi kuwaachia kwa mkupuo. Wateleza theluji nao huondoka mmoja mmoja, kwa nafasi sawa za muda.

Nikajaza orodha: namba ya kifuani, jina la mpandaji, nafasi ya sekunde 60. Saa ya kompyuta nikailinganisha na simu ya mwanzishaji, aliyesimama upande wa Shela, kama kilomita moja kutoka jeti, mwisho wa mbio. Kwenye theluji mtelezaji hukata mwali wa taa na saa hujisimamisha. Sisi tulikuwa na kidole changu juu ya kitufe. Barazani nilimweka Ami na daftari na penseli, aandike namba kwa jinsi zinavyopita. Kusema kweli, kazi ile nilimpa kwa heshima tu.

Punda 5 wa kwanza walitumia dakika 4 na sekunde chache. Namba 6 akaonyesha 5:09, namba 7 akaonyesha 5:14. Nikadhani jua limewachosha.

"Mwanangu," Ami akaniuliza, "huyo namba 6 umemwona wapi? Mimi hajanipitia."

Namba 6 alikuwa amegoma njiani, anatafuna katoni.

Programu humpa muda anayefuata kwenye foleni. Kwenye theluji ni nadra mtu kumpita mwenzake, kwa hiyo foleni huaminika. Hapa muda wa 7 ulikwenda kwa 6, wa 8 ukaenda kwa 7, na kwa kuwa kila mmoja aliondoka sekunde 60 baada ya mwenzake, wote walibandikwa dakika nzima isiyo yao. Ukiona ongezeko lililo sawa na nafasi ya kuondoka, usiwalaumu punda, namba zimesogea.

Sikufuta muda hata mmoja. Nilimwandika 6 "hakumaliza", nikasogeza nyakati mstari mmoja chini, huku Ami akinisomea daftari. Katika kuhangaika huko namba 11 akapita sijabonyeza.

Mpwa wa Ami alikuwa akiwapima wote kwa saa ya mkono. Kanuni ya theluji ni kuchukua wakimbiaji 10 waliotangulia, kutafuta wastani wa tofauti kati ya saa ya mkono na ya mtambo, kisha kurekebisha. Wasipotimia, hujaziwa na wanaofuata. Nilikuwa na 9, nikamwongeza namba 12. Nikaacha desimali moja tu. Sehemu ya mia ya sekunde kwa kidole cha mtu ni kujidanganya.

Raundi ya pili ilinipa wasiwasi zaidi. Kombe la Dunia la theluji huwageuza 30 bora, wa kwanza akaondoka mwisho. Kwa punda, hiyo ni kuwatanguliza wazito mbele ya wepesi, wapitane tena. Nikaongeza nafasi hadi sekunde 90. Punda 13, kama dakika 20, na maji ya bamvua yalikuwa yakipanda kuelekea njiani.

Mwenye namba 6 akaja kudai zamu yake. Kwenye theluji asiyemaliza raundi ya kwanza hana ya pili, na programu ilimkataa katakata.

"Mwache akimbie," Ami akasema, "maadamu punda mwenyewe amekubali."

Nikamwandika kwa penseli, chini kabisa ya orodha.