Ufa wa kioo cha mbele: jinsi nilivyoumaliza

Lori la kokoto lilirusha kajiwe Kibaha, kioo cha mbele cha gari langu, Toyota IST, kikapata doa dogo kama punje ya mtama. Nikapuuza. Siku moja nimewasha AC juani, ufa ukakimbia hadi upande wa dereva. Kuziba ikawa haiwezekani tena.

Nikaenda kwa mafundi vioo Ilala. Walikata gundi ya zamani kwa waya mwembamba, mmoja ndani, mmoja nje, wakivutana kama wanapasua mbao. Nikagoma wasibandike kipya kabla ya kukwangua kutu ya pembeni. “Bosi, una macho wewe,” fundi akacheka, lakini akakwangua.

Gari likalala palepale, dirisha wazi kidogo: ukibamiza mlango, hewa husukuma kioo gundi ikiwa mbichi. Asubuhi tukamwagia ndoo ya maji. Ndani pakavu.